Nusu ya Kwanza ya Salamu

Oktoba ya Houston haina haraka ya kupoa. Asubuhi hewa ni nzito kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka, na mchana jua linalala juu ya majani ya uani mpaka mtu aliyekaa dirishani hajui kama ameamka au bado yumo usingizini. Mwaka huo nilikaa dirishani hapo karibu mwezi mzima, Missouri City, pembeni mwa Houston, nyumbani kwa binti wa dada yangu. Mwanangu ninayeishi naye mji wa Plano alinileta kwa gari, barabara moja ndefu iliyonyooka, akanishusha na sanduku langu, Biblia, na begi la vitabu vya kufundishia. Akala, akashukuru, akarudi kazini kwake.

Nilikuja kwa sababu dada yangu alikuwa anangoja kupasuliwa moyo. Valvu moja ilikuwa imechoka. Binti yake ni nesi, naye alitueleza kwa ule utulivu wa watu wa kazi hiyo kwamba madaktari wana matumaini, ila kwa umri wa mama hakuna anayeweza kuahidi. Upasuaji ulipangwa mwisho wa mwezi. Dada alisikiliza yote, akamshukuru mwanawe kana kwamba ameletewa chai. Tulipobaki wawili ndipo aliposema analotaka.

"Mdogo wangu, kabla sijaingia huko, nataka tusali pamoja."

"Tutasali, dada."

"Sisemi uniombee yale maombi yenu marefu, mtu anafumba macho mpaka chakula kinapoa. Nasema tusali. Rozari. Kama zamani kwa mama."

 Alijua anachoniomba.

Tulizaliwa mlimani, kwenye mgongo wa upande wa mapadri. Ng'ambo ya korongo kulikuwa kwa Walutheri. Wamisionari walipofika, zamani za bibi zetu, waligawana mlima ule kama ndugu wanavyogawana shamba, huyu huku na yule kule, na tangu hapo mtu alizaliwa Mkatoliki au Mlutheri kufuatana na mto ambamo bibi yake alichota maji. Jumapili kengele mbili zililia kwa kupokezana, ya kwetu na ya ng'ambo, na ukungu ukishuka hukuweza kujua ipi ni ipi. Utotoni nilidhani ni kengele moja inayotembea.

Mimi nikaolewa ng'ambo. Kwetu mwanamke anafuata kanisa la mumewe, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini sikukaa kule kwa kufuata tu. Nilisoma, nikauliza, nikaamini kwa moyo wangu mwenyewe, nikaenda chuo cha Biblia, na nikafundisha watoto wa kipaimara hadi nywele zikaota mvi. Nashukuru kwa njia hiyo, na sijawahi kuijutia. Dada naye alibaki na imani ya mama yetu, akaishika kwa uaminifu ambao nimeuheshimu siku zote. Tangu niolewe hatujawahi kushiriki meza ya Bwana pamoja. Kwenye harusi na misiba tulikaa benchi moja, na wakati wa komunyo mmoja aliinuka, mwingine akabaki ameshika mikoba miwili.

Kwa hiyo Oktoba ina wenyewe wawili. Kwa dada ni mwezi wa rozari. Kwangu ni mwezi wa Matengenezo ya Kanisa, ambapo kila mwaka nawaeleza watoto jinsi sisi Waprotestanti tulivyoanza. Hata mwaka huo usharika wetu wa Kiswahili kule Plano ulikuwa unanisubiri nifundishe Jumapili ya mwisho, kwa simu ya video kama sitaweza kurudi.

"Dada," nilimwambia hatimaye, "kumsihi Mama wa Bwana atuombee, hilo nimewafundisha watoto miaka yote kwamba sisi hatulifanyi, na nimewaeleza sababu. Nikilisema kwa mdomo ili kukufurahisha, nitakuwa nimemdanganya Mungu na nimekudanganya wewe."

"Nilijua utasema hivyo. Tangu utoto wewe ni kisiki."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi mwenyewe ningekataa wimbo wenu mmoja au miwili." Akanyoosha mkono, akaweka rozari kwenye mapaja yangu. Ilikuwa ya mama, punje za mbao zilizong'arishwa na vidole. "Basi shika punje tu. Vidole vyangu vina ganzi, nikifika katikati sijui nilipo, naanza upya, naishiwa pumzi. Kushika si kusali. Hata stuli ingeweza kushika, ila stuli haina vidole."

Hilo niliweza. Mchana, chai ikishanywewa, nilisogeza kiti karibu na kochi lake, yeye akasali, mimi nikasogeza punje. Feni ya darini ilizunguka polepole. Nje, ndege weusi wa huku wenye mikia mirefu walikusanyika kwenye nyaya, wakapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta, wakanyamaza wote kwa pamoja. Sauti ya dada ilikuwa ndogo na ya mfululizo. Sisi wawili tukiongea tunatumia kilugha chetu, lakini sala tulifundishwa kwa Kiswahili, yeye na mimi, kwa hiyo alipoanza kusali ilikuwa kama ameingia chumba kingine cha nyumba ile ile, na mimi nimesimama mlangoni.

Siku ya kwanza alipofika kwenye Baba Yetu, nilijikuta nimeingia. Sala ya Bwana ni ya wote, nikawaza, hapa naweza kusali naye. Lakini yeye anaisali kwa maneno ya Wakatoliki na mimi kwa ya kwetu. Yeye alisema mkate, mimi nikasema riziki. Tuligongana na kuachana, na tulipofika kwenye kuokolewa na yule mwovu yeye akatua, akaanza Salamu Maria, wakati mimi nimeshashika kasi ya ufalme na nguvu na utukufu, maana sisi hatuimalizi sala hiyo bila kusema hayo. Nikajikuta namtangazia utukufu wa milele katikati ya salamu yake.

Akafungua jicho moja. "Ninyi hamjui kukoma?"

"Ninyi mnakomea njiani."

Akacheka, kifua kikamkaba, binti yake akatoka jikoni akatutazama kama wanavyotazamwa wazee waliokutwa wanachezea kiberiti.

Baada ya rozari dada alisinzia, na mimi nikafungua vitabu vyangu kuandaa somo. Nikidhani amelala, nilijisomea kwa sauti ya chini, na kumbe alikuwa anasikiliza. Hivyo ndivyo alivyolisikia somo lote, siku kwa siku, macho yamefumbwa.

Nilisoma habari za yule mtawa wa Ujerumani, karne ya kumi na sita, kijana aliyemwogopa Mungu kuliko anavyoogopwa simba. Radi ilimpiga chini njiani, akaweka nadhiri kuingia utawani. Humo akafunga, akakesha, akaungama mpaka padri wake akachoka, na bado moyo haukutulia. Halafu, akifundisha Maandiko, akaliona jambo lililokuwa limeandikwa pale siku zote: kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, kwamba neema ni zawadi. Wakati huo huo wahubiri walikuwa wanazunguka na vyeti vya msamaha, wakiwaambia watu kwamba wakitoa fedha ndugu zao waliokufa watapunguziwa adhabu ya toharani. Mtawa akaandika hoja zake, kwa Kilatini, ili wasomi wajadiliane. Wengine husema alizipigilia kwenye mlango wa kanisa, wengine husema alizituma tu kwa wakubwa wake. Mitambo ya kuchapisha vitabu ilikuwa bado mipya, na maneno yale yakaenda kama moto kwenye nyasi kavu.

"Alitaka kuanzisha dini yenu?" dada aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Hapana. Alitaka kanisa lirekebishwe, akiwa humo humo ndani."

"Ikawaje?"

"Wakamwambia ayafute aliyoandika. Akasema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu, hawezi. Wakamtenga. Wafalme wakaingilia, na wafalme wakishaingilia jambo linakuwa la wafalme. Baada ya vita vingi wakakubaliana kila mtawala achague dhehebu la nchi yake. Mtu analala na kanisa hili, anaamka na lile."

"Kama mlimani."

"Kama mlimani."

 Nilidhani sasa amelala kweli. "Huyo mtawa, mama yake alikuwa hai?"

Katika kufundisha kwangu kote hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza hilo. "Alikuwa hai," nikasema.

"Maskini. Watoto wanagombania kanisa, mama yuko jikoni anasikia." Akageuza kichwa kwenye mto. "Mama yetu alikusalia kila jioni mpaka anakufa, unajua? Nilimuuliza, unamwombea arudi? Akasema hapana, namwombea asipate kifua, ng'ambo kule kuna ukungu mwingi."

Niligeukia dirisha. Mashine ya kumwagilia majani ilikuwa inazunguka kwenye uwanja wa jirani, na kila ilipofika mahali fulani upinde mdogo wa mvua ulitokea, ukafutika, ukatokea tena.

Jumapili ya Matengenezo, niliegemeza simu kwenye chupa ya chai na kuwafundisha watoto wa Plano. Walikuwa wamekaa kwenye ule ukumbi tunaoazimwa na kanisa la Wamarekani, watoto wa Tanzania, wa Kenya na wa Kongo, nyuso ndogo ndogo kwenye kioo. Walisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha mvulana mmoja akanyoosha mkono.

"Bibi, so nani ali-win?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka kwenye kochi. "Mwambie mechi haijaisha."

Watoto wakacheka, wakataka kumwona aliyesema. Nikageuza simu. Dada akawapungia mkono kama malkia. Nikawaambia huyu ni dada yangu wa tumbo moja, Mkatoliki, anaumwa, anaingia hospitali Alhamisi. Msichana mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasogea karibu na simu.

"Then mnasali vipi, pamoja?"

 Nilimwambia ukweli. "Bado tunatafuta, mwanangu."

Simu ilipozimwa dada hakurudia ombi lake. Alikuwa ameomba mara moja, na hana tabia ya kuomba mara mbili. Lakini jioni hiyo nilimwona anazitazama punje mikononi mwangu, na niliona kwamba anaogopa. Alhamisi ilikuwa karibu. Padri alikuwa ameshakuja kumpaka mafuta matakatifu. Watu wa parokia walikuwa wameshakuja kumwimbia. Kilichobaki ni mimi.

Kesho yake nilikaa na Biblia nikitafuta kitu kingine kabisa. Mzazi mmoja alikuwa ameniandikia, ananiuliza kama ni kweli sisi tunamdharau Mariamu, na nilitaka kumjibu kwamba yule mtawa mwenyewe alimheshimu mpaka mwisho. Nikafungua Luka, sura ya kwanza. Nimeisoma sura hiyo kila Majilio ya maisha yangu. Nikasoma malaika anavyoingia na kumsalimu msichana yule. Nikasoma Elisabeti anavyomlaki mlangoni kwake, naye anambariki, yeye na mzao wa tumbo lake. Nikarudi nikasoma tena, polepole, midomo ikitembea.

Nikaifunga Biblia kidole kikiwa ndani.

"Dada. Kwa mama, nani alikuwa anaanzisha Salamu?"

"Mimi. Mkubwa ndiye anaanzisha."

"Ulikuwa unaishia wapi?"

"Kwenye jina la Yesu na kubarikiwa kwake. Halafu wewe na wadogo mnaitikia, mnaanzia Maria Mtakatifu. Wewe ulikuwa unaitikia huku unasinzia, mama anakufinya."

"Leo nitaanzisha mimi," nikasema. "Wewe utaitikia."

Akajiinua kwenye mto. Nikamsomea. Nikamwonyesha kwamba nusu ya kwanza ya Salamu ni maneno ya malaika na ya Elisabeti, Injili tupu, naweza kuyasema mbele za Mungu asubuhi na jioni bila kutikisika. Ombi lenyewe, lile la kutuombea, limo katika nusu ya pili. Hiyo ni imani yake. Ataisema yeye.

 Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Kwa hiyo," akasema akifuta macho, "miaka yote ile mimi nilikuwa nasoma Biblia, na Mkatoliki alikuwa wewe."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Mama angejua angekufinya zaidi." Kicheko kikaisha usoni polepole. "Na pumzi ikiniishia, nikashindwa kuitikia?"

"Nitakungoja."

"Hutanisemea?"

"Hiyo ni yako, dada. Siwezi kukuchukulia. Nitakungoja."

Akatikisa kichwa kukubali. Nadhani jibu hilo lilimpendeza kuliko kama ningemwahidi kumsemea.

Tukasali. Mimi nikasema salamu ya malaika, yeye akaingia na sehemu yake, na punje ikasogea. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa ya mwalimu, inasoma. Baada ya muda ikashuka yenyewe, ikakaa mahali ambapo sikumbuki kuiweka. Sikuwa tena na hakika niko wapi. Feni ya Missouri City ilizunguka, na chini ya feni kulikuwa na moshi wa jiko la mama, na kengele ile moja inayotembea ikavuka korongo ikaja upande wetu, ikarudi, ikaja. Tulipofika kwenye Baba Yetu tulitofautiana tena, mkate na riziki. Yeye akafika mwisho wake. Nikangoja aendelee anigonge kama siku ya kwanza. Hakuendelea. Alinyamaza, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango, mpaka nikamaliza ufalme na nguvu na utukufu, nikasema amina. Ndipo akanipa ishara kwa kidevu nianzishe.

Tulisali hivyo siku zote zilizobaki. Hatukumwambia mtu. Binti yake alituona, akapita kwa kunyata.

Alhamisi tulitoka nyumbani mapema, barabara pana za Houston zikiwa na taa nyekundu mbele yetu na nyeupe upande wa pili, kama rozari mbili zinazopishana. Hospitalini walimvalisha, wakamvua pete na miwani. Rozari nayo haikuruhusiwa kuingia. Akanikabidhi vyote. Mlango ulipofunguliwa na kitanda chake kikaanza kusukumwa, alinyanyua mkono kidogo.

"Shika mkoba wangu."

"Ninao, dada."

Nikabaki kwenye benchi, mikoba miwili mapajani, kama kanisani. Niliomba kwa maneno yangu mwenyewe, maombi yetu yale marefu, na sikuyafupisha.

Upasuaji ulikwenda vizuri, walisema. Lakini dada hakuamka upesi kama walivyotarajia. Siku ile ikapita, na ya pili. Mpira wa kupumulia ulishatolewa, kifua kilipanda na kushuka, macho yalifunguka kidogo yakafumba, na hakumtambua mtu. Binti yake alisoma mashine kwa jicho la kazi, kisha akatoka koridoni akiwa mtoto tu. Alasiri mvua ya Houston ilishuka kwa mara moja, dirisha likawa maji matupu, na chumba kikawa cha rangi ya kijivu, cha ndotoni. Nikatoa rozari ya mama. Nikamwekea punje moja kwenye vidole vyake vya ganzi, nikaishikilia pamoja naye.

Nikaanzisha. Nikasema neno la malaika, nikasema neno la Elisabeti, nikaishia pale pa kuishia.

Hakuitikia.

Mvua iliendelea. Binti yake, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, aliniangalia. "Mama mdogo," akasema kwa sauti ya kunisihi, "malizia tu. Hawezi. Malizia wewe."

Nikatikisa kichwa kukataa. Nilijua anavyoniona, bibi kizee mgumu anayeshika sheria za dhehebu lake mbele ya mgonjwa. Lakini nilikuwa nimeahidi. Kama ningesema sehemu ile, ningekuwa nimemwambia dada kwamba sitarajii tena kumsikia. Nikaacha kimya kikae mahali pake. Nikaiacha punje ilipo. Sijui nilingoja muda gani. Mvua ilipungua, matone yakaanza kuhesabika kwenye kioo, nesi akaingia akabadilisha dripu akatoka. Sikuwa na haraka. Nilimngoja kama mama alivyotungoja sisi, jiko likipoa, mpaka wa mwisho anayesinzia aitikie.

Midomo yake ikasogea. Sauti haikuwepo, kisha ikawepo, kavu kama jani. Hakuanzia mwanzo wa sehemu yake. Aliingilia katikati, kwenye maneno ya sasa na saa ya kufa kwetu, kama mtu aliyekuwa anasali muda wote mahali pengine na sasa tu tumemsikia. Akasema amina.

Binti yake akashika chuma cha kitanda.

Dada akafungua macho. Akaitazama dari, akanitazama mimi, akashusha macho kwenye vidole vyetu.

"Bado punje hii hii?" akauliza.

"Bado hii."

"Sogeza, basi," akasema. "Tutachelewa."

Nikasogeza.